Kipimamvua cha chupa si mchezo

Mtafiti wa tabianchi akialikwa shuleni Kisumu au Nakuru, kwa kawaida huchagua kati ya mambo mawili: asimike kituo cha kupima mvua kinachojiendesha, chenye sola na laini ya simu ya kutuma data, au awape watoto chupa ya soda, rula na daftari. Hilo la pili wengi hulihesabu kama burudani tu.

Wanaolishuku hawakosi hoja. Mtoto aliyesahau kusoma kipimo Jumanne hubuni tarakimu Jumatano. Ukifungua daftari ukakuta 5, 10, 15 na 20 zimejaa, jua ni macho yaliyokadiria, rula haikuguswa. Kisha kuna likizo ya Aprili, inayoangukia ndani ya masika: mvua imekolea, lango la shule limefungwa. Chupa ikikaa wiki 3 bila kumwagwa, maji mengine yamekauka, mengine yamefurika, na hakuna hesabu ya kuyarudisha. Mtambo hauendi likizo.

Ila mtambo haujui kwamba umeziba. Katika aina nyingi, kikombe kidogo ndani hupinduka kila maji yanapofika kipimo chake, kwa mfano milimita 0.2. Jani moja la mgrevilea likiziba faneli, kikombe hakipinduki, na kituo kinatuma 0 huku mabati yanaunguruma kwa mvua. Sifuri ni jibu halali. Kompyuta iliyo mbali itaishtukia vipi? Mvua ya kumwaga nayo ina lake: kikombe kikiwa katikati ya kupinduka, maji yanaendelea kuingia na sehemu hupotea bila kuhesabiwa. Yaani kasoro huzidi siku ileile ambayo watu wa Ahero wanautazama mto Nyando kwa hofu ya mafuriko. Chupa iliyo karibu, ikisomwa saa tatu kila asubuhi, ndiyo huufichua mtambo.

Chupa yenyewe ina masharti. Ikate pale mabega yanapoishia, kisha kipande cha juu kigeuzwe kiwe faneli. Chini kuna mabonde, kwa hiyo tia kokoto na maji hadi pale ukuta unaponyooka. Hapo ndipo sifuri. Ukiruka hatua hii, milimita za kwanza zote ni uongo. Mdomo uwe sentimita 30 hivi juu ya ardhi, tope lisirukie ndani. Darasa likiwa na urefu wa mita 4, kaa mbali nalo mita 8 au zaidi. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba: paa la mita mraba 60 likipata milimita 20 limepokea lita 1,200. Mtoto anayechota maji kisimani haelezwi mara mbili.

Mvua ya jioni kando ya ziwa hubagua. Hapo Kisumu, Kibos inalowa, Dunga kukavu. Kituo kimoja hakiwezi kuzisemea zote mbili, chupa 20 zinaweza. Jiografia ya hapa nayo hufunzwa hivyohivyo, kwa kugusa. Sanduku la vipimajoto huelekezwa ili jua lisiingie mlango ukifunguliwa, lakini Maseno, ikweta inapopita, jua la mchana huwa kaskazini Juni na kusini Desemba. Hapo milango inahitajika 2.

Kwa hiyo mtafiti alete mtambo, na chupa isikose. Afundishe kwanza tofauti ya 0 na mstari: 0 ni haikunyesha, mstari ni hatukusoma. Maji ya siku 3 yaandikwe “jumla ya siku 3”, yasigawanywe. Na daftari la Aprili aachiwe mlinzi wa shule.