Kwenda Bagamoyo hakuna shida

Jamani mimi nilikuwa na maisha yangu. Jumamosi nalala mpaka saa tatu, naamka nakuta chapati, nasubiri mpira, tumbo linakua kwa amani. Sasa masika yalivyokata tu washkaji wakaja na wazo, eti tununue baiskeli za resi, kipupwe chote kila Jumamosi tupige safari ndefu, afya kaka, umri umeenda. Haya umeenda, sasa mbona tunaukimbiza na baiskeli?

Tunakutana Mwenge saa kumi na moja alfajiri. Kwenye grupu la WhatsApp wameandika "mdogo mdogo tu, hakuna kukimbia". Usimwamini mtu anayesema mdogo mdogo halafu anakuja amenyoa miguu. Mwanaume mzima, baba wa watoto watatu, kanyoa miguu, namuuliza vipi mzee, ananijibu eti upepo usimshike. Nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Ile kaptura ya kubana yenye kigodoro ndani ndo usiseme. Mke wangu aliianika kambani, jirani akapita akaangaliaaa, akauliza kwa heshima kabisa, "Shemeji, hongereni, mmepata mtoto?"

Halafu kuna viatu vinavyonasa kwenye pedali. Ukitaka kuvitoa unazungusha kisigino kwa nje. Kwa nje, siyo kwa juu, narudia siyo kwa juu, maana Tegeta foleni ilisimama ghafla na mimi nikavuta kwa juu. Basi nikaanza kwenda chini taratiiibu kama mnazi uliokatwa, yaani nilipata muda wa kufikiria mambo mengi. Bodaboda wa pale kijiweni wakasimama wote, nikajua wanakuja kunisaidia, kumbe wanataka waone vizuri. Mama wa mihogo ndo akanisogelea, "Pole baba. Sasa si uvue kiatu?"

Lakini baada ya Bunju, wallahi nilikuwa mtu mwingine. Unashuka kwenye mto Mpiji, pale Dar inaishia unaingia Pwani, unapanda, Mapinga hiyo, Kerege, Zinga, Kiromo, mimi nasoma 34 kwenye kile kisaa cha mwendo cha kwenye usukani. Thelathini na nne! Mimi! Nikakaa mbele nikaanza na kutoa ushauri, "kaka gia yako nzito hiyo, legeza mabega", mtu niliyeanza juzi. Bagamoyo tumeingia asubuhi mbichi, supu ya pweza, madafu, picha za kutosha, nikawaambia wanangu mwezi ujao twende Tanga.

Tukageuza.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa 7 ni upepo wa kusi, na Bagamoyo iko kaskazini mwa Dar. Hii kitu nimefundishwa shule na nikapata alama! Kumbe ile 34 haikuwa miguu yangu, nilikuwa nasukumwa kama mfuko wa rambo. Na upepo huohuo ndo wazee walikuwa wanautumia kupeleka majahazi Uarabuni, ila nahodha alikuwa na akili zake, akifika Omani anatulia miezi mpaka kaskazi ianze ndo arudi. Sisi tumekunywa madafu nusu saa tukasema haya twendeni.

Kisaa kinasoma 12. Washkaji wamenipotea, yule wa miguu laini sikumwona tena mpaka Jumatatu. Nimekaa upande wa kulia wa makalio, nimehamia kushoto, nimesimama, hakuna sehemu iliyobaki. Pale Kerege akanipita jamaa na Phoenix yake, ndala miguuni, magunia matatu ya mkaa nyuma, anapiga mluzi. Nikaumia. Halafu nikagundua kitu: nyuma ya yale magunia hakuna upepo. Kimya kabisa, kama umeingia ndani ukafunga mlango. Nikajibana hapohapo, tairi langu karibu liguse magunia.

Jamaa akageuka akaniona. Kofia ngumu, miwani myeusi, shati la njano linalong'aa. Akaongeza mwendo. Na mimi nikaongeza, siwezi kuachwa na ukuta wangu. Akageuka tena, jasho linamtoka, akazidisha, nami nipo, tumeenda hivyo kilomita kama nne nahema mkaa, hadi anapaza sauti, "Bosi, kibali kipo nyumbani! Naomba tuongee!"

Alidhani mimi maliasili.

Kabla sijamjibu alishakata kona kaingia kwenye njia ya porini na magunia yake yote, na mimi kusi likanipokea usoni. Kuanzia hapo mpaka Bunju sitaki kuongelea.

Nimefika nyumbani saa nane mchana, mke wangu ananiangalia uso mweusi tii isipokuwa alama ya miwani. "Baba, umetoka mazoezini au kwenye tanuru?" Sikujibu. Nilikula ugali nimesimama, nimeegemea friji.

Jioni simu ikalia, grupu. "Wakuu, Jumamosi ijayo Kibaha, mdogo mdogo." Nikachukua ramani, nikatoka nje, nikalowesha kidole nikakinyoosha juu. Jirani yuleyule anapita na ndoo, akanitazama, akakaza mwendo.