Kalsiamu inayovuja: je, ndiyo inayoudhoofisha moyo?

Ndani ya seli ya misuli kuna hifadhi ya kalsiamu yenye milango ya protini, vipokezi vya rianodini. Mlango ukifunguka, kalsiamu humwagika, nyuzi za misuli hujikunja. Kisha pampu huirudisha hifadhini, misuli ikalegea. Kwenye mikono na miguu, protini inayohisi umeme katika utando wa seli huufungua mlango huo kwa kuugusa moja kwa moja. Moyoni ni kalsiamu kidogo iliyoingia kutoka nje inayoifungulia njia ile nyingi ya ndani. Seli nyingine, kama za ini, hutegemea mlango wa jamii hiyohiyo unaongoja ishara ya IP3, kemikali ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli.

Ubishi uko kwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo. Mwaka 2000 maabara ya Andrew Marks, Marekani, ilieleza kwamba adrenalini ikizidi kwa muda mrefu, mlango hubandikwa fosfeti na kimeng'enya, hupoteza protini ndogo inayoutuliza, kisha huvuja hata kati ya pigo na pigo. Hifadhi ikipungua, pigo hudhoofika. Hoja hii ina nguvu, maana inaendana na jinsi dawa za kuzuia adrenalini zinavyowasaidia wagonjwa. Lakini watafiti wengine walipotengeneza panya ambao mlango wao haubandikwi fosfeti mahali hapo, hawakuiona kinga iliyotarajiwa. Wapo wanaokinyooshea kidole kimeng'enya kingine kabisa, CaMKII.

Mimi ushahidi unaonivuta zaidi ni wa CPVT, ugonjwa wa kurithi wa mapigo ya moyo, uliohusishwa na jeni ya mlango huu mwaka 2001. Wagonjwa huzaliwa na mlango unaovuja wanapokimbia au kushtuka, lakini misuli ya moyo wao kwa kawaida ni mizima. Hatari yao ni mapigo kuvurugika. Kila chembe 1 ya kalsiamu iliyovuja inapotolewa nje ya seli, chembe 3 za sodiamu huingia. Hesabu ya chaji inaacha chanya moja ndani, na zikirundikana huzusha pigo la ghafla lisilo na wakati wake.

Ni kweli mlango wa CPVT huvuja kwa vipindi, ilhali moyo uliochoka huenda ukavuja mchana kutwa, kwa hiyo mfano huu haumalizi ubishi. Hata hivyo, katika moyo uliochoka pampu ya kurudisha kalsiamu nayo hupungua, na hilo peke yake linatosha kuipunguza hifadhi. Kuvuja nakukubali kama chanzo cha mapigo kuvurugika. Kusema ndiko kunakoleta udhaifu wote wa moyo, bado. Dawa za kuziba mlango zipimwe kwanza kwa vifo vya ghafla zinavyozuia.