Bamia, siyo mamia

Juzi jioni nilisimama gengeni nikaomba bamia za buku. Ikatoka "mamia za muku." Mama muuzaji akanitazama: "Mamia ya nini, baba?" Nikarudia, ikawa mbaya zaidi. Kijana nyuma yangu akacheka, "Mzee keshapiga mbili tatu huyu." Nikaonyesha kwa kidole.

Sinywi pombe. Nina miastenia gravisi. Kinga ya mwili wangu inashambulia pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, amri ya ubongo ikafika nusunusu. Msuli ukitumika unachoka, ukipumzishwa unarudi. Kwangu kinacholegea ni kaakaa laini, ile nyama ya nyuma juu mdomoni inayoziba njia ya puani. Hewa inavujia puani, nami nabaki na king'ong'o. Bila kuzuia hewa mdomoni huwezi kutamka b. Nikisema "bibi", watu wanasikia "mimi". Hapo hata mimi hucheka.

Kabla ugonjwa haujapata jina, daktari aliniambia nihesabu kwa sauti, moja hadi hamsini. Hadi ishirini na kitu nilikuwa mtangazaji wa redio. Kwenye thelathini na saba mke wangu akainamisha kichwa. Ndiyo ile sauti aliyokuwa akiisikia kila usiku.

Sasa natumia pairidostigimini, kidonge cha miligramu 60. Nusu saa hivi baada ya kukimeza ulimi unarudi, na baada ya saa chache unaaga tena. Kwa hiyo sauti yangu ni kama umeme wa luku: naangalia uniti zilizobaki kabla ya kuwasha chochote.

Na salamu zetu zinakula uniti! Hujambo, nyumbani, watoto, kazi, mama anaendeleaje, na bado hujasema kilichokuleta. Nazipenda, nimelelewa nazo. Ila ukiniona jioni nakupungia mkono tu, usiseme naringa.

Wanaocheka nimewazoea. Wanaonichosha ni wenye huruma, wale wa kunimalizia sentensi. Naanza "Naomba..." mtu anadakia: "Maji?" Hapana. "Kiti?" Hapana. Kila "hapana" ni uniti yangu inakwenda, na nilichotaka kusema kimeshapotea.

Shemeji yangu yeye hukaa akamenya chungwa taratibu, macho kwenye kisu, mpaka nimalize. Wiki iliyopita alimenya matatu. Nikamsimulia habari ya bamia yote, mwanzo mpaka mwisho.