White Sox 2024: Mchawi hakuwa benchi

Timu ikichapwa mfululizo, kafara ya kwanza ni kocha. Chicago White Sox, timu ya besiboli ya Marekani, walifuata mkondo huohuo: tarehe 8 Agosti 2024 walimtimua Pedro Grifol akiwa ameshinda mechi 28 na kupoteza 89. Grady Sizemore akakabidhiwa timu kwa muda, akashinda 13, akapoteza 32. Jumla ya msimu ikawa ushindi 41, vichapo 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani iliyopoteza mechi nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja. Waliokuwa wakishikilia aibu hiyo ni New York Mets wa 1962, vichapo 120.

Msimamo wangu ni kwamba mchawi alitafutwa pasipo. Kikosi kile kilipelekwa vitani mikono mitupu, na aliyekipeleka hakuwa kocha.

Wapo wanaosingizia bahati mbaya. Hilo linapimika. Katika besiboli, mchezaji akizunguka vituo vyote vinne na kurudi nyumbani, timu yake inapata pointi moja. Kwa mechi 162, White Sox walipata pointi 507 na kufungwa 813. Chukua 507 uizidishe kwa 507, unapata 257,049. Chukua 813 uizidishe kwa 813, unapata 660,969. Sasa gawanya ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili: 0.28. Zidisha kwa mechi 162, jibu ni ushindi 45 na ushei. Hivyo ndivyo wachambuzi wanavyokadiria timu ilistahili kushinda mara ngapi. Kwa hiyo bahati mbaya iliwanyang'anya kama mechi nne. Wapewe hizo nne, bado ni kibonde.

Tatizo kubwa lilikuwa kwenye gongo. Mechi ya kawaida inaipa kila timu nafasi 27 za wapigaji wake kutolewa: awamu 9, wachezaji watatu kila awamu. Ukifanikiwa kufika kituoni bila kutolewa, unampa mwenzako nafasi ya kukusogeza. White Sox, kila wapigaji 100 waliposimama, waliofika kituoni walikuwa 28 hivi. Fanya hesabu ya mechi nzima: wapigaji kama 37, wanaofika kituoni ni 10 tu, nao wametawanyika. Mmoja anafika awamu ya pili, anabaki amesimama kituo cha kwanza, wenzake watatu wanatolewa, kazi imeisha. Awamu ya nne, hivyohivyo. Pointi haziji kwa mtindo huo. Zinakuja wapigaji watatu wanne wanapofuatana katika awamu moja. Ndiyo maana wastani wao ulikuwa pointi 3.1 kwa mechi wakati wanafungwa 5.

Majeruhi yalichangia, sikatai. Luis Robert Jr., aliyepiga mpira nje ya uwanja mara 38 mwaka 2023, safari hii alicheza mechi 100 na kufikisha 14. Yoán Moncada alicheza mechi 12 msimu mzima. Lakini timu yenye kikosi kipana humeza pigo kama hilo. Hawa hawakuwa na wa kuingia, na kupanua kikosi ni kazi inayofanywa Novemba hadi Machi, ofisini, kwa saini na fedha.

Upande wa warushaji, wanaomrushia mpigaji mpira, ndipo roho inaponiuma zaidi, kwa sababu kulikuwa na kito. Garrett Crochet hakuwa mrushaji wa kuanza katika mechi hata moja ya ligi kuu kabla ya 2024. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko 2022, na 2023 alirusha awamu zisizofika 13. Ghafla akapewa mechi 32 za kuanza, akatoa wapigaji 209 kwa kuwakosesha mpira ndani ya awamu 146. Huo ni moto. Ila mkono kama huo lazima ulindwe, hivyo kuanzia Julai alibanwa, mara nyingi awamu nne au pungufu. Sasa angalia kinachotokea usiku ule. Anatoka awamu ya nne, zimebaki tano. Warushaji wa akiba watatu au wanne wanagawana mzigo. Kesho yake mikono hiyohiyo imechoka, kocha anamwita wa tano, ambaye kwenye timu nyingine angekuwa ligi ya chini. Mpira unapungua kasi, unaning'inia katikati mbele ya mpigaji, unapigwa. Kocha yeyote angefanya nini hapo?

Na wazuri waliendelea kuuzwa. Machi, wiki chache kabla ya msimu, mrushaji Dylan Cease alipelekwa timu ya San Diego. Julai 25 akarusha mechi nzima akiwa na timu hiyo bila mpinzani kupata pigo hata moja la kumfikisha kituoni. Mwishoni mwa Julai wakaondoka kwa mkupuo Erick Fedde, Tommy Pham na Michael Kopech, huyu wa mwisho akaenda kubeba ubingwa na Los Angeles Dodgers. Mauzo hayo yalifanyika katikati ya mkosi wa vichapo 21 mfululizo, ulioanza Julai 10. Mkosi ulikatika Agosti 6 kule Oakland. Siku mbili baadaye, Grifol akafukuzwa. Unauza silaha vita vikiendelea, kisha unamwadhibu askari!

Msomaji wa soka atauliza: kwa nini hawakushuka daraja? Ligi hii haishuki mtu. Kinachowapoza wanyonge ni kupewa nafasi za mbele za kuchagua chipukizi, kwa bahati nasibu ya nafasi sita za kwanza. Hapo tena wakagonga ukuta. Klabu ya mji mkubwa, inayochangia mfuko wa kugawana mapato, hairuhusiwi kupata nafasi hizo miaka miwili mfululizo, na White Sox walishachagua wa tano 2024. Mwaka 2025 hawakuweza kupanda juu ya nafasi ya 10. Desemba 2024 wakamuuza na Crochet, kwa Boston, wakapata chipukizi wanne. Msimu uliofuata: ushindi 60, vichapo 102.

Mashabiki walimjua mhusika mapema kuliko uongozi. Septemba 2024, timu ikiwa kwenye vichapo 120, jukwaa la nyumbani liliimba likimwelekezea mmiliki, Jerry Reinsdorf: uza timu. Kichapo cha 121 kilikuja Septemba 27 mjini Detroit, 4-1. Mwaka 2025 Reinsdorf alifikia makubaliano ya kumkabidhi mwekezaji Justin Ishbia umiliki. Mapema kabisa, ni 2029.