Watumwa wa vitabuni, na uhuru ni wa kupewa na nani?

Mi nasema hivi, anayetaka kunikasirikia akasirike: kitabu kinachosema utumwa waziwazi si lazima ndicho kinachousema vizuri.

Chukua Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha 1934. Huyu ni mtu wa hapahapa Mombasa, Frere Town, pale Kengeleni, kijiji ambacho wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikianzisha miaka ya 1870 kwa watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, na babake alikuwa mmoja wao. Kutekwa kumo, safari ya miguu hadi pwani imo, jahazi limo. Lakini ikishatokea meli ya Mwingereza tu, basi, kitabu kinageuka shukrani, Mwingereza asifiwe asubuhi asifiwe jioni, mpaka unajiuliza hawa waliookolewa wenyewe walikuwa na lipi la kusema. Simlaumu sana, mwaka ule nani angemchapishia vingine?

Sasa soma Peponi cha Abdulrazak Gurnah (Kiingereza kilitoka 1994, Kiswahili ametafsiri Ida Hadjivayanis). Yusuf hatiwi mnyororo hata siku moja. Anapandishwa treni na tajiri aliyezoea kumuona kama ami yake, akifika anawekwa dukani auze, kumbe babake kamtoa kwa deni. Halafu kuna yule mzee wa bustanini, Hamdani, ambaye bibi, mke wa yule tajiri, alipewa kama zawadi ya harusi. Sheria ya kufuta utumwa ilipokuja bibi akamwambia uko huru, mzee akakataa, akauliza huo uhuru yeye kautoa wapi hata ampe. Hapo nilirudia kusoma. Mbotela kitabu kizima anashukuru zawadi, huyu mzee kaikataa kwa maneno mawili matatu akarudi kwa miti yake.

Na serikali ilipofuta utumwa huku pwani ya Kenya 1907, waliowekewa fidia ni mabwana. Watumwa je? Ehe.

Lakini kinachonikaa zaidi hakikukusudia hata kuongea utumwa: Utendi wa Mwana Kupona, 1858, ule tunaousifu kwa adabu zake. Mama anamuusia bintiye jinsi ya kumtunza mume, udi, marashi, usafi, na humohumo anamwambia asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, manake watamharibia. Ubeti mmoja, anapita zake. Mi huo ubeti unanionyesha nyumba zetu za zamani kuliko meli zote za Mwingereza, kwa sababu ni mwenye nyumba mwenyewe anaongea, hana aibu hana kujitetea, kwake hayo ni mambo ya ndani tu.

Ninachotaka sasa ni riwaya ya yule kijakazi aliyekuwa jikoni siku utendi ule unatungwa, aiandike mtu wa Kuze au Kongowea. Visa vipo, shida ni kuvipata, hapa Mombasa ukianza kuuliza babu wa fulani alikuwa wa nani, baraza nzima inahamia bei ya mkaa.