Nilivyovuliwa kikoi na kobe

Haya, video mmeshaiona. Najua, maana mhasibu wetu aliirusha kwenye grupu la ofisi hata boti haijatia nanga, na alasiri haijaadhiniwa dada yangu wa Kisauni ananipigia: "We, ni wewe huyo?" Ni mimi. Lakini video ile inaanzia katikati. Kipande cha mwanzo amekikata makusudi, ili nionekane nimepandwa na wazimu nikavua mwenyewe. Nipeni nafasi niseme.

Tulikuwa Unguja kikazi, watu watano wa bima kutoka Mombasa, tumekwenda kuzungumza na wenzetu wa kule. Wenzangu wote wanne ni watu wa bara. Bosi ni mama wa Nyeri ambaye Kiswahili hukiendesha kama gari la kuazima, taratibu na kwa kuogopa kulikwaruza. Mimi mtoto wa Majengo. Basi tangu uwanja wa ndege nimejipachika cheo cha mwenyeji. Maneno nayavuta, kila anayepita namwita yakhe. "Niachieni mimi, hawa ndugu zangu." (Msinicheke. Mvita, mtu wa Mombasa, akivuka kwenda Unguja huwa na kidonda cha 1928, mwaka ule kikao kilipofanyika hapa hapa Mombasa na kikaamua Kiunguja, si Kimvita chetu, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tulishindwa nyumbani kwetu, mbele ya wageni. Lazima tujitutumue.)

Chanzo cha yote ni urojo. Ijumaa baada ya magharibi tukashuka Forodhani. Moshi wa mishikaki, pweza amelazwa juu ya meza, mashine ya miwa inalia, na vijana wa makachu wanajirusha baharini kutoka ukutani, huyu kichwa chini, yule kajikunja kama kamba. Bosi kachukua ile wanayoiita pizza ya Kizanzibari, ambayo mimi naiona ni chapati iliyofungiwa yai na nyama ya kusaga, lakini aliipenda. Mimi nikachukua urojo, nikasimama katikati yao kuwafundisha. "Huu mchuzi ni unga, manjano na embe mbichi. Humu ndani mna kachori, bajia, viazi, na hizi juu ni chipsi za muhogo." Nikawa naeleza kwa mikono miwili. Bakuli lilikuwa kwenye mmojawapo.

Suruali yangu ilikuwa ya krimu. Manjano mnayajua.

Nilikuwa nimebeba suruali mbili tu, na ya pili ni ya kuwasilishia mada Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, kabla ya safari ya kisiwa cha Changuu, nikakimbia Darajani kununua kikoi. Cha kijani. Muuzaji akaniangalia nilivyokishika, akauliza kwa upole, "Utaweza kukifunga, kaka?" Nikamcheka. Mimi? Mvita?

Sasa hili nawaambia ninyi tu, na lisifike ofisini: kikoi changu cha nyumbani kina lastiki. Mke wangu alinitilia mwaka wa kwanza wa ndoa, na tangu hapo sijafunga fundo lolote isipokuwa la viatu.

Tukapanda boti, karibu nusu saa hivi. Mwenyeji wetu wa kweli, mzee mmoja wa heshima zake, kanzu nyeupe na kofia ya viua, akawa anatueleza. Wengi hukiita kisiwa cha gereza, na gereza lilijengwa kweli miaka ya 1890, ila halikupata kufunga mfungwa. Likageuzwa karantini ya wasafiri. Kobe wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli 1919. Mimi nilikuwa naitikia "naam, naam" kama mtu anayekumbushwa anachokijua. Nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza.

Kule kobe wameandikwa umri kwenye magamba, kwa rangi. Tukapewa majani ya mchicha tuwalishe. Kijana anayewatunza akanitazama kiunoni, akasema, "Mgeni, kikaze hicho kikoi." Nikamjibu, na mhasibu alirekodi hili lakini hakuliweka, "Usijali ndugu yangu, nimezaliwa nacho."

Mhasibu akataka picha. Picha inataka mikono miwili begani kwa kobe. Mchicha nikauchomeka wapi? Kiunoni.

Hapa naomba twende polepole, maana na yeye alikwenda polepole.

Kobe niliyechuchumaa karibu naye ameandikwa 158. Hesabu mwenyewe: Sultani Barghash alipojenga jumba la Beit el Ajaib 1883, huyu ni barobaro. Shingo ikatoka kwenye gamba, ngozi imekunjamana kama kiwiko cha babu yangu. Jicho moja likanitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," watu wakacheka, nami nikaona nimepatia. Akauma jani la kwanza. Akatafuna. La pili. Akatafuna. Mimi natabasamu kwa kamera. La tatu akauma jani na kitu kingine.

Kobe hana meno. Ana mdomo kama mkasi wa kukatia mabati. Nikavuta kidogo, kwa adabu. Naye akavuta kidogo, bila adabu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mnyama wa umri ule: akageuka na kuondoka.

Hatua moja. Fundo likalegea. Ningeweza kupiga kelele, lakini mtoto wa Pwani hapigi kelele kwa sababu ya kobe, basi nikaamua kumfuata ili kikoi kisikazike. Nikainama, mkono mmoja kiunoni, nikawa natembea nyuma yake kama bi harusi anayefuata somo wake. Hatua ya pili. Ya tatu. Watu wameanza kunyamaza. Bosi akauliza, "Hiyo ni sehemu ya utamaduni?" Nikamjibu ndiyo. Wallahi nilimjibu ndiyo.

Hatua ya nne nilikanyaga ganda la embe.

Sikuanguka. Bora ningeanguka. Nilitanua mikono yote miwili kutafuta mizani, na mkono wa kiunoni ukaenda nayo. Kikoi kikatoka taratibu, kikajizungusha mara moja na nusu kama kinavyomenywa kiazi, kikaenda zake na mwenyewe. Nikabaki na fulana na bukta.

Na bukta ni ile ya siku ya michezo ya ofisi. Wenzangu wanaikumbuka. Ya bluu, imeandikwa nyuma kwa herufi nyeupe kauli mbiu ya kampuni. Kimya kikatanda. Mzee mwenye kanzu akageuza uso kuelekea baharini, akanisitiri kwa kutonitazama, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi ya yote. Halafu nyuma yangu, kwenye familia moja ya watalii wa kutoka Bara, kuna mtoto ambaye nadhani ndiyo kwanza amejifunza kusoma:

"Tu-na-ku-ki-nga... po-po-te... u-li-po."

Mengine mnayajua. Kobe aliingia na kikoi chini ya kichaka, kijana akasema atakitoa akishalala. Dada mmoja wa pale akanipa kanga nijifunge, akanifunga yeye mwenyewe, fundo ambalo lisingefunguka hata kwa tufani. Nimevuka bahari nayo hadi Forodhani, jina limekaa sawasawa matakoni: Mtasema mchana, usiku mtalala.

Jumatatu nikawasilisha mada. Suruali safi, mkanda tundu la mwisho. Nikamaliza, nikauliza kama kuna maswali, na mzee wangu wa Changuu akanyanyua mkono, uso mkavu kabisa, akataka kujua kama bima yetu inahesabu kobe kuwa ni wizi au ni ajali.

Kikoi nilirudishiwa, kina tundu la ukubwa wa mdomo. Hivi ninavyoandika mke wangu yuko chumba cha pili na cherehani. Anakitia lastiki, na bado hajamaliza kucheka.