Msaada wa Mfanyabiashara na Uamuzi Ulio Mezani

Mfanyabiashara anapokabidhi hundi ya mfano, ile kubwa ya karatasi ngumu, huku waziri amesimama katikati ya picha, watazamaji hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema kuwa mgonjwa haulizi kitanda kimenunuliwa na nani, na wapo wanaokumbusha kuwa mkono mtupu haulambwi. Kubishania nia ya mtoaji hakutufikishi mbali, maana nia haina stakabadhi. Yanayochunguzika ni mawili: nani aliamua fedha ziende wapi, na serikali ilikuwa na uamuzi gani mezani unaomhusu mtoaji.

Kwa swali la kwanza, India ina funzo. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni zilizofikia kiwango fulani cha mtaji, mauzo au faida zitenge asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu kwa shughuli za kijamii. Utetezi wake una uzito, kwa kuwa wajibu ukiwabana wote kwa kipimo kimoja, hakuna anayelazimika kujipendekeza kwa kiongozi ili aonekane mzalendo. Hata hivyo, Machi 2020, UVIKO-19 ulipoingia, ulianzishwa mfuko wa misaada ya dharura wa PM CARES, mwenyekiti wake akiwa Waziri Mkuu, na michango ya kampuni katika mfuko huo ikahesabiwa kuwa imetimiza wajibu wa kisheria, ilhali iliyopelekwa katika mifuko ya misaada ya mawaziri wakuu wa majimbo haikuhesabiwa. Serikali ikashikilia pia kwamba sheria ya haki ya kupata taarifa haiugusi mfuko huo. Dharura ilikuwa ya kweli, hilo halina ubishi. Lakini haielezi kwa nini mchango uleule uwe halali kwa kiongozi mmoja na usihesabiwe kwa mwingine.

China inajibu swali la pili. Aprili 2021 Alibaba, kampuni kubwa ya biashara ya mtandaoni, ilitozwa faini ya yuan bilioni 18.2 kwa kukiuka sheria za ushindani. Agosti Rais Xi Jinping akahimiza ustawi wa pamoja, yaani kupunguza pengo kati ya matajiri na maskini. Septemba kampuni hiyo ikaahidi yuan bilioni 100 kwa lengo hilohilo hadi mwaka 2025. Wakosoaji wamezoea kumwona tajiri akiinunua serikali, kumbe hapa anayesukuma ni serikali, na hiari ya namna hii hugeuka kodi isiyo na kiwango kilichotangazwa.

Marekani msukumo huelekea upande wa pili, kutoka kwa kampuni kwenda kwa mwanasiasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la American Economic Review ulionyesha kuwa mifuko ya hisani ya kampuni kubwa huongeza misaada katika jimbo la uchaguzi la mbunge anapoingia kwenye kamati yenye maslahi kwa kampuni hizo. Watafiti walikadiria kuwa takriban asilimia 6 ya misaada hiyo ina msukumo wa kisiasa, jambo ambalo, tukiwa waadilifu, lina maana kwamba sehemu kubwa haina.

Kwa hiyo kupiga marufuku misaada ya kila mwenye jambo serikalini ni kupita kiasi, maana kampuni kubwa haikosi leseni, zabuni au shauri la kodi linalosubiri uamuzi. Linalowezekana ni daftari la wazi linaloonyesha tarehe ya kila msaada, aliyeuomba, na maombi ya mtoaji yaliyokuwa serikalini siku hiyo.